Accent ya Adèle

Mangobo, Kisangani
Tarehe 7 Aprili 2003

Mama Colette, mke wangu,

Salamu nyingi. Mimi niko mzima, ni kompyuta ndiyo inayougua. Barua hii utaipata kwa mdogo wako Katembo, kesho anapanda ndege ya mizigo pale Simi-Simi, na nimemwomba asiikalie mfukoni wiki mbili kama ile ya Noeli.

Sasa sikiliza, wewe uliyesoma mambo haya Kampala. Ile mashine ambayo Katembo aliniletea kutoka Dubai inachoma DVD, nilikuambia. Tangu wanajeshi walipolisafisha duka la tonton, mjomba wangu, mpaka misumari ya ukutani, studio hii ndiyo inayonilisha. Ndoa ya Laurette ilipita bila shida. Ndoa ya Hemedi ilipita. Imekuja kazi ya tatu, na imenishinda kabisa.

Ni kaseti ya ndoa ya mwaka 1997. Naicheza kwenye video, kompyuta inaipokea, mpaka hapo sawa. Halafu naiambia igeuze ile faili iwe ya DVD. Inageuza saa sita nzima, na mimi nauchunga umeme kama mtu anayechunga maziwa motoni. Inafika asilimia mia. Inataka kuanza kuchoma, na pap! dirisha linajifunga, programu imekufa. Ni mara tano sasa. Diski inatoka tupu vile ilivyoingia.

Kabla ya kufa inaonyesha kibao cha Kiingereza. Sikielewi, lakini nimekinakili herufi kwa herufi kwenye karatasi ya pili. Mstari wa mwisho ndio ninaoujua, kwa sababu maneno yake niliyaandika mimi: C, Video, Adèle, ndoa.

Haraka ni hii. Mama mkwe wa mteja yuko Kinshasa, ni mgonjwa, na kwake kuna mashine ya DVD tu. Watu wanasema mto utafunguliwa na boti zitashuka tena. Diski inatakiwa ipande boti ya kwanza. Niambie nifanye nini.

Nakuota. Miaka minne sasa, njia imefungwa, huko mna wakubwa wenu na huku tuna wetu, kila mmoja na bunduki zake. Mbusu Colette. Bado anasema «papa», au amesahau?

Muhindo wako


Butembo
Tarehe 16 Aprili 2003

Papa Colette,

Ni kitu kidogo mpaka utacheka. Ni ile accent, kialama kilicho juu ya herufi e. Programu yako imetengenezwa na watu wasioandika accent, na sehemu yake inayochoma haiwezi kusoma jina la folda likiwa na è. Inaita folda, folda haiitiki, inaanguka. Ndiyo sababu Laurette alipita na Hemedi alipita. Badilisha jina la folda, andika ADELE bila kitu juu, anza tena. Saa sita, umemaliza.

Ila nina swali. Folda ya Laurette uliiita «ndoa-laurette». Ya Hemedi uliiita «ndoa-hemedi». Uliniandikia mwenyewe. Hii umeiita Adèle. Adèle peke yake, kama vile mtu anavyoita kwa mlango. Na accent umeiweka mahali pake, ikiegemea upande unaotakiwa. Mimi ni mkeo, umenilipia mahari, na juu ya bahasha bado unaandika «Kiakimwa», kwa i.

Sikuituma hii. K.


Butembo
Tarehe 16 Aprili 2003

Papa Colette,

Salamu. Nimesoma karatasi yako. Kosa la namna hii linaweza kutoka mahali pengi, hatuwezi kubahatisha. Fanya hivi: futa faili yote, rudi kwenye kaseti, uicheze upya tangu mwanzo hadi mwisho. Halafu ondoa programu kwenye kompyuta uiweke tena. Halafu jaribu nusu ya kwanza peke yake, na siku nyingine nusu ya pili. Majina yote yaache vile vile ulivyoyaandika, tusichanganye mambo.

Na huyo mteja ni nani? Nauliza kwa ajili ya kazi tu. Ni mtu wa umri gani?

Colette anasema papa. Anaiambia picha yako, na siku nyingine anamwambia Katembo.

Kyakimwa (kwa y)


Mangobo
Tarehe 3 Mei 2003

Mama Colette,

Asante fundi wangu. Nimefanya yote, yamechukua siku kumi kwa sababu ya umeme. Nusu ya kwanza imekufa. Nusu ya pili imekufa. Kibao ni kile kile.

Y nimeiona, nisamehe. Katika shule ya Mafrère, wale mabruda wa Kanisa, walitufundisha Kifaransa kwa fimbo, accent moja ukiisahau pointi nzima imekwenda, lakini majina yetu wenyewe hakuna aliyetufundisha kuyaandika.

Mteja anaitwa Adèle. Ni wa wale wavuvi wa kwenye maporomoko. Umri wako, au pungufu kidogo. Mume wake, Bavon, aliuawa na bomu ndani ya nyumba mwaka 2000, zile siku sita majeshi ya wageni yalipopigana hapa mjini. Hana picha yake nyingine inayotembea. Siku ya kwanza hakukaa hata dakika tano. Nilimuuliza jina linaandikwaje, akasema: «Na accent, papa. Accent grave. Bila ile, si mimi.» Nikacheka, nikaliandika, akaenda zake.

Sasa anakuja kila Ijumaa kuuliza. Namwambia, madame, bado, mke wangu aliye Butembo anatafuta dawa. Ijumaa iliyopita alileta samaki mboto wa kukaanga, akasema: «Hii ni ya fundi wa Butembo, lakini kwa kuwa yeye iko mbali, utakula kwa niaba yake.» Nimekula kwa niaba yako. Ni mtu wa maneno, yule. Utampenda.

Kungoja huku kunanikera kidogo, mama wa watu. Kuna dawa nyingine?

Muhindo wako


Butembo
Tarehe 12 Mei 2003

Papa Colette,

Kwamba nitampenda, asante, hilo niachie mwenyewe.

Katembo amerudi na maneno yake. Unamjua, hawezi kushikilia kitu. Amesema mbele ya mama yangu: «Yaya, nilikuta mwanamuke mumoja kwa studio, anaikaa kabisa karibu na mashine, anakula karanga, ni kama iko kwake.» Mama akaniangalia. Mimi nikaendelea kuchambua maharagwe, mazuri nikayatupa na mabovu nikayaweka chunguni.

Nina wivu, Muhindo. Niandike tu, kwani nimfiche nani? Usiku namwona bila kuijua sura yake. Namvalisha pagne zote nzuri nilizowahi kuona sokoni.

Bon. Kazi. Huenda kaseti ina mahali palipoharibika, na programu inajikwaa hapo. Itazame yote, saa tatu zote, polepole. Kila mahali picha inapotikisika, andika dakika, andika kosa, andika ni nini kinachotokea na nani yuko kwenye picha. Usiruke hata moja. Bila orodha hiyo siwezi kukusaidia.

Na yeye mwambie angoje kwao. Karanga ale kwao.

Kyakimwa


Mangobo
Tarehe 2 Juni 2003

Mama Colette,

Orodha uliyotaka hii hapa. Uliomba niandike nani yuko kwenye picha, na mimi watu wale siwajui, kwa hiyo ilibidi Adèle aje anitajie majina. Tulitumia siku nne.

Dakika ya 9: picha inatikisika. Wanawake wanateremka kutoka nyumbani. Anayetafuta kiatu ni Adèle. Kiatu kilikuwa kimefichwa na shemeji yake, Emile, ili alipwe bia.

Dakika ya 14: mstari mweupe chini. Bavon anacheka. Alikuwa na jino moja lililokaa upande. Padri alikuwa amemwita jina la kaka yake.

Dakika ya 41: sauti inapotea. Wanacheza. Adèle ameniimbia wimbo uliokuwa unapigwa, ili nijue sauti imepotea kwa muda gani. Ni mistari miwili.

Dakika ya 58: rangi inageuka kijani. Mama mkwe anampa Adèle wavu wa samaki, ndiyo desturi yao. Adèle hapa alilia kidogo. Si kwenye picha, ni hapa studioni.

Saa 1 na dakika 22: hakuna kosa. Adèle anaangalia kamera. Nilisimamisha tu.

Saa 2 na dakika 5: picha inaruka mara mbili.

Zaidi ya hapo ni safi. Nimejaribu kuchoma tena baada ya orodha, imekufa vile vile.

Mimi mzima. Mchana tunakula pondu na samaki, siko na njaa. Wanasema boti itaondoka Julai. Msalimie mtoto.

Muhindo


Butembo
Tarehe 11 Juni 2003

Muhindo,

Pondu?

Miaka minne majani ya muhogo unaniandikia sombe. Sombe ya Mangobo haina mafuta, sombe ya Mangobo ina mchanga, sombe ya mama ndiyo sombe. Leo unakula pondu, kwa Lingala. Neno hilo hukulipata sokoni, maana sokoni unakwenda tangu zamani. Umelipata mdomoni mwa mtu anayekupakulia. Na umeandika «tunakula». Nimelisoma neno hilo mara nyingi kuliko orodha yote.

Na ile saa moja na dakika ishirini na mbili. Nilikuagiza makosa. Nani alikuagiza uniandikie mahali pasipo na kosa?

Sina nguvu tena ya mchezo huu, kwa hiyo pokea dawa. Ni accent. Accent iliyo juu ya Adèle, hiyo hiyo grave. Sehemu inayochoma haisomi folda yenye è. Andika jina bila accent, diski itatoka siku hiyo hiyo. Kaseti haina ubaya wowote. Programu haina ubaya.

Nililijua hili tangu barua yako ya kwanza. Nilikuandikia siku ile ile, halafu nikaona jina lake limekaa peke yake kwenye mstari, nikaikunja barua. Yale yote mengine niliyokuagiza, kufuta, kuweka upya, nusu na nusu, saa tatu za kutazama, yalikuwa ya kukusumbua tu. Nilitaka achoke. Nilitaka aone studio yako haifai kitu, achukue kaseti yake aende kwa mwingine.

Ni vibaya. Mwanamke anamtafuta mume aliyekufa, na mimi namnyima miezi miwili kwa sababu ya jina. Nimekwenda kuungama, na padri amesema nikuungamie wewe pia. Lakini bila padri ningeandika, maana naogopa. Mpe filamu yake aondoke. Nakuomba, Papa Colette, aondoke.

Kyakimwa wako


Kisangani
Tarehe 29 Juni 2003

Yaya Kyakimwa,

Hunijui, ila jina langu unalijua kuliko watu wengi. Mimi ni Adèle.

Diski imetoka. Muhindo alisoma barua yako akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena. Halafu akafuta accent yangu mbele ya macho yangu. Tulingoja saa sita. Safari hii haikufa. Barua aliiacha juu ya meza, na mimi niliisoma yote. Nisamehe kwa hilo, na mimi nitajaribu kukusamehe kwa lile lingine.

Nilikasirika. Sikufichi. Nilisema maneno kwa Lingala ambayo siwezi kuyaandika kwa mama wa watu. Mama mkwe wangu anakohoa damu kule Kinshasa, anauliza kila mtu anayefika kutoka huku kama filamu ya mwanawe imekuja, na kumbe ilikuwa imefungiwa Butembo ndani ya wivu wako.

Lakini nataka ujue jambo moja, na nakuandikia bila chuki. Siku ya kwanza nilipoingia kwa mumeo sikumtazama hata usoni. Kama ungemtumia lile neno moja mwezi wa nne, ningerudi mara moja tu, ningechukua diski, ningesema asante papa, na leo nisingemkumbuka. Wewe ndiye uliyenirudisha kila Ijumaa. Ulimwambia acheze kaseti upya, nikarudi. Ulimwambia nusu na nusu, nikarudi mara mbili. Halafu ukamwagiza anitazame saa tatu, dakika kwa dakika, aandike kila ninachofanya. Yaya, hata Bavon hakuwahi kunitazama namna ile. Nilikaa pembeni na karanga zangu, naona mwanamume ananisoma.

Kati yetu halijatokea jambo la kupeleka kwa padri. Nakuapia kwa kaburi la mume wangu. Lakini nampenda, na nadhani na yeye anajua, kwa sababu sasa hawezi kunisalimia vizuri.

Kwa hiyo ninaondoka. Boti ya kwanza ni ya tarehe 20 Julai. Nitapanda nayo mimi mwenyewe na diski yangu, nitakaa na mama mkwe mpaka Mungu atakapoamua. Njoo umchukue mumeo. Anakonda, na studio inavuja.

Adèle (accent irudishe, nakuomba)


Butembo
Tarehe 9 Julai 2003

Papa Colette,

Umeninunia, barua haziji. Nastahili. Lakini Adèle ameniandikia, na nimeisoma barua yake kwa machozi, nimeirudisha accent yake mahali pake, nikailaza grave kama Mafrère walivyokufundisha. Ana moyo kunizidi. Sikujua kama naweza kusema hivyo juu yake, na nimesema.

Nakuambia ukweli wangu wote, hata ule wa aibu: nilipofika mahali anapoandika kwamba anapanda boti, nilicheka. Peke yangu jikoni, kwa sauti. Mama akaja kuuliza kuna nini. Nilimwambia ni moshi.

Nimekwisha kupanga. Mambo yametulia kidogo, Katembo anasema sasa mwanamke na mtoto wanaweza kupita bila kuulizwa sana. Ameniwekea nafasi kwenye ndege ya tarehe 2 Agosti. Colette amejua, anazunguka mtaa mzima akitangaza: «Naenda kwa papa, minapanda ndeke!» Nitaleta viazi, maharagwe na lile blanketi la sufu, ingawa najua huko ni joto. Paa litazibwa. Kompyuta nitaishika mimi, wewe utashika kamera. Tutaandika bangoni majina yote mawili.

Wivu wangu haujaisha, nisikudanganye. Nadhani utaniishia nikikuona unakula kwenye sahani yangu.

Usinijibu kwa marefu. Andika tu kwamba utakuwa Simi-Simi siku hiyo.

Kyakimwa wako


Mangobo
Tarehe 23 Julai 2003

Kyakimwa,

Barua yako nimeipata jana. Mwambie Katembo auze ile nafasi.

Boti iliondoka Jumapili. Nilikwenda bandarini kumsindikiza, na mzigo wake niliubeba mimi. Diski imekwenda Kinshasa mikononi mwa Emile, shemeji yake.

Adèle hakupanda.

Muhindo